Matumbo ya Sato

Kuku wetu walikufa asubuhi moja uani kwetu, mtaa wa Mirongo karibu na ziwa, mbele ya macho yangu. Jirani alichungulia, akatangaza kuwa ni ugonjwa wa kideri, akatuhimiza tuwachinje upesi wale waliokuwa bado wanatapatapa, tusije tukala hasara. Mama alikataa. Kuku wa kideri huzubaa kwanza, tena huharisha kijani. Hawa walidonoa matumbo ya sato tuliyemnunua alfajiri, wakaanguka.

Akampasua mmoja. Kifuko cha shingoni kilijaa matumbo yale, na harufu iliyotoka ilitufanya tutazamane. Tulikulia kwenye mashamba ya pamba. Dawa ya kupulizia wadudu tuliijua. Nikanusa vidole vyangu vilivyompara yule samaki. Chini ya shombo, vilinuka vilevile.

Soko huria lilikuwa limeingia. Dawa ile iliuzwa duka lolote, na samaki wazuri walikwenda viwandani kusafirishwa nje. Wapo waliomwaga sumu ziwani, wakaokota waliokufa na kutuletea sisi.

Mama alimwaga sufuria nzima ya yule samaki chooni, tukaenda sokoni. Mama alipomweleza, yule aliyetuuzia alisonya.

“Mama, samaki wangu ni wasafi. Hata nzi hawawagusi.”

Ndivyo alivyotuambia alfajiri, na ndiyo maana tulinunua kwake. Nikatazama. Meza za wenzake zilikuwa nyeusi kwa nzi. Yake haikuwa na hata mmoja, na akina mama walikuwa wamejipanga foleni mbele yake.