Mstari Nilioufuta

Jumamosi, tarehe 12 Julai. Newala imeamka na ukungu, na upepo wa baridi haukuacha mpaka saa tano. Naandika nikiwa nimevaa sweta mbili. Leo nimeambiwa jambo la miaka mingi. Nitaeleza mwishoni, maana nikianza na la leo, vijana mtakaosoma hamtanielewa.

Elimu yangu ni kidato cha nne, na si cha kujivunia. Siku ya kwanza kazini ilikuwa Masasi, kwenye ofisi ya maji, nimeajiriwa kupiga taipu. Karani Mkuu alinisimamisha mlangoni mwa chumba chenye mapazia mazito.

"Vua viatu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vua viatu. Humo ndani kuna kompyuta. Vumbi lako likiiua, utaniletea nyingine kutoka kwa baba yako."

Nikavua. Soksi ilikuwa na tundu, kidole kimechungulia. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Lakini ndiye aliyenipa kitabu cha kujifunzia, na kila Jumamosi aliniachia ufunguo wa chumba kile. Nisipolisema hilo nitakuwa nimemdhulumu.

Humo ndimo nilimojifunza kuandika programu. Programu ni maagizo unayoiandikia kompyuta, mstari mmoja baada ya mwingine, nayo inatii kama ulivyoandika, hata kama umeandika ujinga. Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Newala. Huku juu maji yanasukumwa kwa pampu kutoka bondeni, na vijiji vinapokezana. Nilikuta zamu zinapangwa kwa chaki ubaoni. Nikaandika programu ya zamu: kila asubuhi inatoa karatasi, fundi wa valvu anaisoma, anajua leo afungulie kijiji gani. Sidhani kama kuna kazi nyingine maishani niliyoiweza.

Siku moja Meneja wa Wilaya akaniita.

"Kuanzia Jumatatu wewe ni Mkuu wa Kitengo. Vijana watatu wataandika, wewe utawaongoza."

"Mzee, mimi kuongoza watu sijasomea."

"Sijakuuliza."

Nilitoka pale kama niliyemwagiwa maji. Ikawa vikao, fomu za likizo, taarifa ya mwezi, mtu ana msiba, mtu kagombana na mwenzake. Jioni nafunga ofisi sijaandika hata mstari mmoja, najiuliza leo nimefanya nini.

Kati ya wale vijana alikuwamo Hadija, binti wa upande wa Mkunya, mwenye elimu ya chuo. Alikuwa kwenye majaribio, yaani miezi sita ya kutazamwa, kisha mkuu wake, ambaye ni mimi, aandike kama athibitishwe kazini au aende zake. Programu yangu ya zamu nilimkabidhi yeye. Aliiandika upya, ikawa nzuri kuliko ya kwangu. Labda hilo ndilo lililoniuma. Mpaka leo sina hakika.

Mchana mmoja alikwenda kuswali, akaacha kompyuta yake wazi. Nilikuwa napita tu. Nikaona mstari unaokipa kijiji cha kwao zamu mbili mfululizo juma lile. Nikashtuka. Ama karudia jina kwa bahati mbaya, nikawaza, ama anawapendelea ndugu zake. Ningemsubiri dakika kumi ningejua. Lakini mikono ilikuwa inaniwasha kwa miezi. Nikavaa miwani, nikakaa, nikaufuta ule mstari, nikaenda zangu. Niwe mkweli, nilijisikia mtu tena.

Juma lile kijiji kile kilikuwa kinatoa watoto jandoni. Wa huku mnajua: watoto wanaogeshwa kwanza ndipo wavishwe nguo mpya, na wageni wamejaa tangu juzi yake. Mimi nimekulia Masasi, nyumba ya Kianglikana, jando letu lilisimamiwa na kanisa na kisima kilikuwa jirani. Maji ya siku ile yanatoka wapi, sikuwahi kujiuliza. Hadija hakuniambia kuwa zamu ya pili ni ya shughuli hiyo, kwa sababu hakudhani kuna mtu wa huku wa kuelezwa jambo hilo.

Jumamosi asubuhi mwenyekiti wa kijiji akanipigia simu, anafoka.

"Watoto wamekaa juani hawajaoga! Ngoma imenyamaza, mama zao wanalia! Mnataka tuwavike nguo mpya juu ya vumbi?"

Waliogeshwa alasiri, kwa vikombe, kwa maji ya kubebwa na baiskeli.

Jumatatu Meneja alituita na kuamuru kumbukumbu ifunguliwe. Kompyuta hutunza nani kabadilisha nini, na saa ngapi. Jina likatokea: Hadija. Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye kompyuta yake, iliyofunguliwa kwa jina lake.

"Binti, umekifuta kijiji chenu mwenyewe?"

Hadija alitazama kioo cha kompyuta, kisha akanitazama mimi.

"Jina ni langu, mzee. Lakini sikufuta."

"Mkuu wa Kitengo, kesho niletee barua. Asithibitishwe."

Nami nikajibu, "Sawa, mzee." Nimeyaandika maneno hayo mawili kama nilivyoyatamka.

Nyumbani nilimweleza mke wangu, Mama Neema. Hakuacha hata kupepeta mchele.

"Unanieleza mimi, mimi ndiye meneja?"

Asubuhi nikaenda nikasema yote. Meneja akapiga meza.

"Nilikutoa kwenye kompyuta nikakupa watu! Wewe umewaacha watu ukairudia kompyuta, tena kwa kunyemelea!"

Nikapewa barua ya onyo. Sikuonewa. Hadija akathibitishwa, na nilipomwomba radhi alisema tu, "Yameisha, Baba Neema." Tangu hapo, nikiona mstari nisiouelewa, namfuata aliyeuandika namwuliza. Wengine watawafundisha mengi kuhusu uongozi. Mimi nilistaafu na hilo moja.

Sasa la leo. Hadija amekuja na kikapu cha ming'oko, vile viazi mwitu vya huku kwetu. Jumatatu anaanza kazi ya Mkuu wa Kitengo, kiti kile kile.

"Shikamoo, Baba Neema."

"Marahaba, mkuu."

Tukacheka. Kisha akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, "Siku ile nilirudi kutoka kuswali nikakuta miwani yako mezani kwangu. Nikakurudishia kwenye meza yako."

Nikaweka kikombe cha chai chini. Miaka yote hii!

"Mbona kikaoni hukusema?"

"Ulikuwa mkuu wangu. Nilikupa mpaka asubuhi. Barua ya malalamiko nilikuwa nayo mkobani. Ulipoingia kwa Meneja, nilikuwa nimesimama nyuma yako."

Sikumwona. Sikugeuka.

Jioni tumekula ming'oko ya kuchemsha na chai ya rangi. Mama Neema amenimenyea, kisha nimevaa miwani nikaanza kuandika haya.