Mawese kwenye Cheni

Juzi hapa Kashojwa, kwenye kambi ya wakimbizi, mjane mmoja Mkongo alileta pikipiki ya marehemu mumewe isafishwe, kwani mnunuzi alikuwa njiani kutoka Mbarara. Fundi alichovya brashi katika mafuta ya taa, akainusa cheni, akacheka.

"Nyabo, nani aliweka mawese kwa cheni? Hii ni mboga ya sombe ya kupika?"

"Ni bwana yangu. Alisema pikipiki yetu itakula sawa vile siye tunakula."

Kicheko kikakatika. Fundi akasugua, matone mekundu yakadondoka mchangani. Mjane akamshika kiganja.

"Kaka, usitoshe mawese yote. Acha fasi kidogo."

Fundi akairuka pete moja ya cheni, ikabaki na mawese yake, kwingine kote akapaka grisi.

Mnunuzi akiinama kuikagua, atasema mafundi wa Kashojwa hawamalizi kazi. Msomaji, ukimsikia, mwache aseme.