Udaktari wa Kubonyeza

Ofisini walimwita Muhuri. Kwa miaka ishirini na miwili pale masjala alikuwa amegonga muhuri kila karatasi iliyopita mbele yake, hata kadi za harusi. Ni yeye aliyebandika mlangoni tangazo la herufi kubwa: MATAPELI WA MTANDAONI, HAPA MMENOA. Karani mmoja alipolia kwamba ametapeliwa kwa barua pepe, Muhuri alimfariji hivi: "Wajinga ndio waliwao, mwanangu."

Jumanne moja asubuhi naye akaletewa yake. Chuo kikuu cha ng'ambo kilikuwa "kimefuatilia kwa muda mrefu mchango wako adhimu", kikaamua kumpa udaktari wa heshima. Abonyeze tu mahali fulani, aandike anwani yake na nenosiri wapate kumtambua, kabla ya saa sita mchana.

Mchango gani? Hakujiuliza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Muhuri aliposifiwa akatia nenosiri.

Kisha akampigia simu mkewe, fundi cherehani.

"Mke wangu, acha vyote unishonee joho. Unaongea na daktari."

"Daktari wa nini?"

"Wa heshima. Chuo kikuu kimeniandikia."

"Kimekujulia wapi? Ndugu zangu wenyewe mpaka leo hawajui unafanya kazi gani. Hebu nisomee anwani iliyotuma."

Juu palikuwa na jina la chuo, refu na la kupendeza. Chini yake, kwa maandishi madogo, palikuwa na anwani ya duka la matairi.

"Mume wangu," mkewe akasema taratibu, "unasomea magurudumu?"

Jasho likamtoka. Alipofungua tena kompyuta, barua kama ile ilikwisha kwenda kwa ofisi nzima, safari hii kwa jina lake: "Mwenzangu mpendwa, mimi nimepata, nawe umeteuliwa."

Angeweza kunyamaza. Badala yake alikwenda chumba cha mwisho, kwa binti anayehudumia kompyuta, akasema yote huku akitazama viatu vyake. Binti akambadilishia nenosiri, akawafungia nje waliokwisha kuingia.

"Jina la juu hata mwizi anaweza kujiandikia, mzee wangu. Tazama anwani. Na anayekuharakisha hataki ufikiri. Nenosiri usimpe mtu, hata akikuita mfalme."

Saa nane Muhuri akasimama mbele ya wenzake.

"Nimetapeliwa. Ile barua si yangu. Aliyebonyeza na kuandika nenosiri aende kwa fundi wa kompyuta sasa hivi."

Walicheka! Msimamizi wa magari alifuta machozi kwa tai. Mkurugenzi akatikisa kichwa: "Mtu mzima na mvi zake! Ni aibu kwa ofisi hii."

Nusu saa baadaye, nje ya chumba cha fundi palikuwa na foleni ya watu kumi na mmoja, wote wakisoma ukuta. Mmoja alikuja kwa niaba ya shemeji yake. Msimamizi wa magari, macho bado mekundu, alidai kitufe kilijibonyeza chenyewe. Muhuri aliwapita na mafaili yake. Utamu ule aliumeza peke yake.

Wa mwisho alikuwa mkurugenzi. Aliingia, akafunga mlango, akanong'ona:

"Binti, hao wengine wamepewa udaktari. Mimi waliniandikia uprofesa. Huo nao ni uongo?"