Mche wa Mke wa Mfugaji

Wiki iliyopita nilikuwa barazani pa kanisa, Nyabiyonza, ambako wakulima walikuwa wakiagiza kwa pamoja miche ya mitini kutoka kitalu cha mbali. Mke wa mfugaji mmoja naye akaomba mche.

Karani aliyekuwa akiandika maagizo akacheka. "Mama, mtini hauzai leo wala kesho. Ninyi mtahama na ng'ombe. Utaupanda kwenye kibanja gani?"

Mama akamgeukia mumewe, aliyesimama mlangoni, fimbo mabegani. "Kila nyumba niliyojenga nimeiacha porini. Huu siuachi."

Mume akatazama chini. Kisha akaishusha fimbo, akaiegemeza ukutani. "Bwana karani, andika miwili."

Serikali imewahubiria wafugaji watulie mpaka sauti imeikauka. Mama huyu kamtuliza wake kwa mche ambao hata haujafika. Ng'ombe tu ndio hawakuulizwa.