Mwongo Mmoja Tu

Simu ilinikuta Malindi, bandarini Unguja, nimesimama kwenye foleni ya tiketi za boti. Mke wa rafiki yangu akaniambia kwamba mumewe amefariki alfajiri na kwamba maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Nikatoka kwenye foleni, safari ikafa hapohapo. Wasomaji mlionizoea kwa ukali wangu juu ya maji na taka mtanisamehe leo. Sina ugomvi na mtu. Nina huzuni, basi. Nataka kumzungumzia mtu ambaye wengi wenu hamkumjua: karani mstaafu wa mizigo bandarini, mzaliwa wa Makunduchi aliyehamia mjini, mtaa wa Amani, ambaye uzeeni alishikwa na mchezo wa kompyuta kuliko vijana wanavyoshikwa nao.

Mchezo wenyewe ni wa falme na vita vya kale. Unapewa mfalme, miji michache na jeshi. Unatoa amri zako, unabonyeza kitufe cha kumaliza zamu, na wakati unasonga. Tuliucheza sote wawili, kila mtu kwake, halafu tukisimuliana barazani kama watu waliotoka vitani kweli. Lakini yeye alikuwa na kinyongo nao. Kila zamu ilikula nusu mwaka. Jeshi likitoka mji mmoja kwenda wa pili, mfalme anaota mvi njiani, na mtoto aliyeachwa anatambaa anakutwa ana ndevu. "Huu si ufalme," alinambia, "huu msiba unaokwenda mbio." Basi akayafungua mafaili ya mchezo na kuanza kubadilisha namba, ili kila zamu iwe mwongo mmoja.

Aliponieleza kwa simu nami nikajitia fundi, nikabadilisha wa kwangu. Mimi ni mtu wa mjini na wa magazeti. Mwongo kwangu ni miaka kumi. Nikabonyeza, mfalme wangu kijana akawa mtu mzima. Nikabonyeza tena, akawa kizee. Mara ya tatu nikaonyeshwa kaburi. Nilipomlalamikia alicheka mpaka akashika mbavu. Kwao Makunduchi mwongo ni siku kumi. Wakulima wa zamani wakiihesabu miongo tangu siku ya Mwaka, yaani mwaka mpya wa jadi, wakijua upi wa kupanda na upi wa kungoja. "Sheikh wangu," akasema, "umemuua mtu kwa Kiswahili cha gazeti." Tangu hapo kila tukionana alinipa pole ya mfalme.

Kumbe kupunguza mwendo si kazi ya namba moja. Zamu zilipokuwa nyingi ndani ya mwaka mmoja, askari walizaliana kama mchwa, majumba yalimalizika kabla mvua haijanyesha, na hazina ikafurika. Ikambidi acheleweshe kila kitu: ujenzi, kodi, mimba, hata uzee. Alihangaika nao miezi. Vijana wa kibanda cha gemu mtaani kwake waliujaribu, wakasema mchezo umelala. Nami, kwa haraka zangu, nilimwambia hivyohivyo. Akajibu kwamba anataka mfalme wake apate kuwajua wanawe. Nilidhani anazungumzia mchezo, kumbe madaktari walikuwa wameshamwambia kuhusu figo zake.

Mara ya mwisho kumtazama, chumba kilijaa wageni. Binti yake wa pekee alikuwa bara, chuoni, katikati ya mitihani ya kumalizia masomo, na baba alikuwa amekataza asiambiwe hali ilivyo. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nnamwomba Mungu mwongo mmoja tu," alisema. Jirani akamhimiza aombe miwili, hata mitatu, Mungu si bakhili, na wote wakaitikia amin, wamefurahi kuona mgonjwa ana matumaini ya miaka. Yeye akanitazama. Chumba kizima, mimi peke yangu nilijua kwamba anaomba siku kumi, binti apate kumaliza na kuvuka. Nikaitikia amin. Hakuzipata.

Tulimzika, na kabla hatujatoka makaburini simu zilishatolewa mifukoni. Mmoja akauliza mpira wa jioni unaanza saa ngapi. Simlaumu, ndivyo tunavyoishi. Tutaonana baada ya Ramadhani, tunasema. Nitampigia mwaka ukianza. Tunabonyeza tu, na nusu mwaka inakwenda, na mama aliyekuwa anakwenda sokoni mwenyewe tunamkuta anashikwa mkono.

Mjane alitii wosia. Binti hakuambiwa mpaka alipotoka kwenye mtihani wa mwisho. Alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Nilipokwenda kumpa mkono wa pole nilimkuta mbele ya kompyuta ya baba yake. Mfalme alikuwepo, ndevu nyeupe, yu hai, wanawe watu wazima wamemzunguka. Amri zote zilikuwa zimeshatolewa, kimebaki kitufe tu. Nikamwambia ammalizie baba yake zamu. Akaweka mkono kwenye kipanya, kisha akauondoa.

"Nkibonyeza, ami," akasema, "siku kumi zitapita."

Hatukubonyeza. Nami nakwambieni, mwenye mtu wake wa mbali asingoje mwaka uishe, na asimsikilize anayesema siku kumi si kitu. Namjua mtu aliyeziomba zote, akapewa chache.