Kiti cha Pili cha Ndege ya Deo

Mwanangu, tangu uliponiambia kwamba huko chuoni mnaunda ndege ya mazoezi, na kwamba wakubwa wanahimiza iruke mbele ya wageni, nimekuwa nikikumbuka mchana mmoja wa kwetu Bilele, kando ya ziwa. Keti kwanza. Mvua haijakatika, huna pa kukimbilia.

Kaka yangu Deo alikuwa fundi wa injini, mtu wa maneno machache na ndoto kubwa. Alianza kwa kuunda ndege ya kiti kimoja, akairusha kwenye tambarare ya Ngenge, ikatua salama. Lakini ndege ya mtu mmoja haimfundishi mtu. Akaamua kuipanua iwe na viti viwili ubavu kwa ubavu, usukani wa mwalimu na usukani wa mwanafunzi. Mwanafunzi wa kwanza nilikuwa mimi. Yamawe, jinsi nilivyoringa! Majirani wakiniona napita walinitania, "Koku, aliye juu mngoje chini!"

Zilikuwa siku nzuri zile. Banda letu la mabati lilikuwa nyuma ya migomba, likinuka rangi na kahawa iliyoanikwa uani. Nilishona kitambaa cha mabawa kwa cherehani ya mama, naye akilalamika kwamba sindano zake zote zinakwenda angani. Natamani niisikie sauti yake leo, hata akinigombeza.

Wewe unajua bawa linavyopimwa. Hugeuzwa juu chini, likapakiwa viroba vya mchanga, lionekane kama litaubeba mzigo likiwa hewani. Bawa la ndege ya kwanza Deo alilipima. Alipoongeza kiti hakulipima tena, na wageni walikwisha alikwa waje Jumapili baada ya misa. Mimi hayo sikuyajua.

Jumamosi Tata, yaani baba yetu, akaja bandani na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni kabla ya mazungumzo. Tulishangaa, maana sisi tulikuwa wanawe, si wageni. Akachukua tunda moja, akalipasua, akampa Deo punje moja na mimi punje ya pili.

"Zamani," alisema, "wawili waliogawana tunda moja walikuwa ndugu wa agano. Kumficha mwenzako hatari kulikuwa ni kuvunja agano. Huyu kesho ataketi ubavuni mwako. Kuna nini hujamwambia?"

"Tata, waitu," Deo akasihi kwa heshima, "wageni wamekwisha alikwa."

"Sikukuuliza habari za wageni."

Deo akainama. "Koku, bawa sijalipima," akasema. "Naogopa litavunjika, kazi yote iwe kuni."

Unajua nilimkasirikia nani? Tata! Aliniharibia Jumapili yangu. Ujana ni moshi, mwanangu, ukienda haurudi, na wangu ulikuwa umenijaa machoni.

Mchana huohuo tukabeba mchanga kutoka ufukweni, tukalipakia bawa kiroba kwa kiroba. Viroba vilikuwa bado havijaisha tuliposikia mbao zikilia, kisha bawa likakatika pale lilipoungana na kiunzi. Deo akaketi juu ya mchanga akalia kama mtoto. Mimi nilijiona nimeketi chini ya bawa lile, juu kabisa, hakuna wa kunidaka.

Tata hakumsuta. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema, akavua koti lake, akaanza kukusanya vipande.

Wageni walikuja kweli. Walikula ndizi na samaki, wakalitazama bawa letu, na wengine walitucheka waziwazi. Tuliunda jingine, msimu wa kahawa ukaja ukapita, tukalipima, likastahimili. Ndipo tukaenda Ngenge. Tulipokuwa juu Deo akaondoa mikono yake kwenye usukani, akaniachia mimi. Sijapata furaha kama ile tena, na sasa sitaipata.

Basi shika hili. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, na ndege yenye viti viwili haimuumbui mfichaji peke yake. Kipimeni chombo chenu mpaka kikatae au kikubali. Kikivunjika, kivunjike chini, mkiwa na nafasi ya kulia na kuanza upya. Mwenye kiti cha pili mwambieni yote kabla hajafunga mkanda. Wageni wakicheka, wapeni chakula.

Deo alizeeka, mwanangu. Alikufa kitandani kwake akiwa na mvi tele, na jeneza lake lilibebwa na wanafunzi wake, wote wazima.

Mungu akupe moyo wa kusema "bado" mbele ya wakubwa. Akupandishe, akushushe salama, wewe na kila mtoto wa mtu atakayeketi kando yako.