Sabuni ya Machicha

Mwanangu ameniletea sabuni ya dukani yenye chembe za machicha ya nazi. Nimeinusa, nikairudisha kwenye karatasi yake.

Miaka ile ya ujamaa, duka la kijiji lilikaa miezi bila sabuni. Mama aliipika mwenyewe kwa mafuta ya nazi na maji ya majivu, akatia machicha makavu ya kusugulia mwili. Harusi ya dada ilipokaribia, alinipa machicha niyalinde juani. Kuku wakayamaliza. Kwa woga nikatwanga maganda ya korosho, nikampelekea mama unga wake kama machicha, naye akautia kwenye sabuni. Nilidhani moto wa sabuni utaua ukali wa mafuta yake yanayobabua ngozi, kama unavyouua tunapochoma korosho.

Siku ya kumwogesha bibi harusi nilisimama nje ya ua wa makuti, vidole vyangu bado vimechubuka kwa kutwanga. Nikamsikia dada akisema polepole, "Somo, inawasha."

"Vumilia, mwanangu," akajibu somo, mwanamke aliyemfunda. "Bibi harusi halalamiki."

Somo akaendelea kusugua. Dada akanyamaza, na mimi nikanyamaza naye.